Kitufe kinaonekana, lakini mbofyo haufiki

Kwa wanaojaribu kurasa za wavuti kwa Selenium (zana ya kuendesha kivinjari kwa msimbo): `element_to_be_clickable`, amri ya kusubiri hadi kitufe kiwe tayari, haihakikishi kwamba kitufe kitabofyeka. Inaangalia mambo mawili tu, kwamba kitufe kinaonekana na hakijazimwa. Kama kimefunikwa, haijui. Selenium hubofya katikati ya elementi (kipande cha ukurasa, kama kitufe), kwa hiyo bango la vidakuzi au pazia la "inapakia" likiwa juu ya nukta hiyo, unapata kosa la `ElementClickInterceptedException`. Soma ujumbe huo hadi mwisho, maana Chrome na Firefox hutaja elementi iliyoziba njia. Subiri hiyo iondoke kwa `invisibility_of_element_located`, ndipo ubofye.

Tafadhali msikimbilie `arguments[0].click()` ya JavaScript. Hiyo hubofya hata kitufe kilichofunikwa, na jaribio linafaulu huku mtumiaji halisi amekwama. Hapo jaribio limeficha hitilafu lililotumwa kuitafuta.

Kosa la `StaleElementReferenceException` lina chanzo kingine: ukurasa umejichora upya baada ya wewe kuipata elementi, na uliyoishika haipo tena. Itafute upya palepale unapotaka kubofya.

Katika kutafuta elementi, anza na `id` isiyobadilika au `data-testid` (alama ya HTML iliyowekwa kwa ajili ya majaribio) mliyokubaliana na wasanidi. XPath (njia ya kuifikia elementi ndani ya ukurasa) ya `/html/body/div[3]/div[2]` huvunjika siku mtu akiongeza `div` moja. Kilicho ndani ya iframe (ukurasa uliopachikwa ndani ya mwingine) hakipatikani kabla ya `switch_to.frame`. Na msichanganye `implicitly_wait` (subira ya jumla kwa kila utafutaji) na `WebDriverWait` (subira ya sharti moja). Mkizichanganya, muda wa kusubiri huwa hautabiriki.