Siku moja na injini ya Fuso

Saa 11:30 alfajiri niko macho. Julai hapa Dodoma baridi inakata, na upepo unaamka kabla ya jua. Chai, vipande viwili vya muhogo, bodaboda kutoka Nkuhungu mpaka Kizota. Saa 1:00 vijana wangu wawili wameshafagia gereji.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Leteni mafuta ya taa, tuoshe bloku."

Mwaka wa kumi na tisa sasa naianza siku hivi. Wapita njia wakituona tumelowa oili hadi viwikoni wanajua kazi yetu ni kufungua bolti na kuzifunga. Kupima hawakuoni. Injini kuukuu unaifungua kwa siku moja, lakini vipimo ndivyo vinavyoamua kama lori litatembea miaka mitano au miezi mitano.

Iliyoko mezani ni 6D14, injini ya lori la Fuso, silinda sita, haina tabo, yaani feni ya kuisukumia hewa, lita sita na nusu. Inabeba mahindi ya soko la Kibaigwa na vitunguu vya Singida. Dereva aliileta akilalamika kwamba mlima wa Sekenke inapanda kwa gia ya kwanza tupu, nyuma moshi kama tanuri la mkaa, na kila safari lazima aongeze oili. Lita ya dizeli haimfikishi kilomita tatu. Tajiri wake anataka nguvu iongezeke na mafuta yapungue. Wengi huona ni maombi mawili yanayopingana, lakini kwa injini iliyochoka ni ombi moja. Dizeli haina plagi ya kuiwasha, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, zikilika, hewa inavujia chini kwenye oili, inayobaki haibaniki vya kutosha, na dizeli inaungua nusunusu. Ile nusu nyingine ndiyo moshi mweusi unaouona mlimani. Umelipia, haikusukuma kitu.

Saa 2:00 nikachukua ringi ya juu ya silinda namba tatu, nikaiingiza peke yake ndani ya slivu, lile ganda ambamo pistoni inapanda na kushuka, nikapima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vya kupimia nafasi. Ringi mpya huwa na mwanya wa milimita 0.3 mpaka 0.5 hivi. Hapa 1.6 ilipita bila kugusa. Karibu na mdomo wa slivu kuna ngazi, ukipitisha ukucha unakwama. Na injini hii ilifanyiwa ovahoo, yaani ilifunguliwa yote na kufungwa upya, miaka miwili haijaisha.

Hilo ndilo lililonisumbua. Ukifunga vipya bila kujua kilichoua vya zamani, umemuuzia mtu ugonjwa uleule kwa bei mpya. Nikaingiza kidole kwenye manifodi ya hewa, bomba linaloingiza hewa kwenye silinda, kikatoka na vumbi jekundu laini kama unga wa ulezi. Nikaufuata mpira unaotoka kwenye eyakilina, chujio la hewa. Upande wa chini, usioonekana ukisimama, umepasuka urefu wa kidole na umefungwa kwa kipande cha tyubu. Vumbi letu ni mchanga uliosagika, likikutana na oili linakuwa msasa. Nikapiga picha, nikamtumia dereva.

Saa 3:20 tajiri akafika na boksi la spea lililoletwa na basi la usiku kutoka Dar es Salaam. Slivu, pistoni, ringi, gasketi, seti nzima. Nikatoa pistoni moja, nikaweka venia, kifaa cha kupimia upana: milimita 113. Nikapima ya pili, kisha ya tatu. Zote 113.

"Mzee, hizi ni za 6D15. Yako ni 6D14, pistoni zake ni 110."

"Fundi, milimita tatu ni nini? Si unachonga tu ziingie?"

Nikamwita akae kwenye kigoda, nikamwekea slivu mkononi aishike mwenyewe. Ni ganda jembamba lililopachikwa ndani ya bloku. Ukilichonga milimita moja na nusu kila upande hakibaki kitu. Akampigia muuzaji, simu ikiwa kwenye spika. Muuzaji akasema Fuso ni Fuso, zinaingiliana. Nikamwomba anisomee namba ya injini niliyomwandikia kwenye karatasi juzi. Kimya. Akasema atapiga baadaye. Hakupiga. Tukampigia sisi mara nne.

Katikati ya hizo simu tajiri akaja na jipya: basi rudisha pistoni za zamani na slivu za zamani, weka ringi mpya tu. Nikamwonyesha ile ngazi. Ringi mpya ya juu ikigonga pale inavunjika, na kipande chake kinashuka kuchora ukuta wote. Akaja na lingine: "Mwenzako wa pale mbele kaniambia pampu ya dizeli ikifunguliwa kidogo tu, nguvu inakuja." Ni kweli, atasikia nguvu wiki ya kwanza. Lakini Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo inavuta ileile iliyopo. Dizeli ukiongeza, hewa haiongezeki. Kinachoongezeka ni moshi, joto, na risiti za sheli.

Alinyanyua sauti. Alisema mafundi sote tunapenda kuchelewesha ili tuongeze bei. Maneno hayo yananiuma kila ninapoyasikia, kwa sababu ile saa nzima ya kupima simtozi mtu. Lakini namwelewa. Lori lina mkopo, mzigo unamsubiri Kibaigwa, na kila siku linapolala gereji anaihesabu. Nikamwambia, "Mzee, leo naweza kuifunga. Sitaki tu uniletee tena mwakani." Akanyamaza. Muuzaji alipokea simu inakaribia saa 6, akakubali kubadilisha na kupakia kwenye basi la mchana.

Ugali na mlenda kwa mama lishe, tumekula wima.

Mchana ulikuwa wa silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya bloku chenye valvu. Valvu kumi na mbili, kila moja unaisaga kwa krimu, unazungusha kijiti kati ya viganja, unanyanyua, unatazama, unarudia, mpaka pete ya kijivu itokee bila kukatika. Halafu unamimina mafuta ya taa kwenye tundu la hewa na kusubiri. Ya tisa ilivuja tone moja. Kijana akasema limetoka kwenye kitambaa. Nikamrudisha asage upya. Upepo ulikuwa umekazana, tumefunika bloku kwa turubai, mgongo unawaka, na nadhani ilishapita saa 10 tulipomaliza, sikuangalia.

Nozeli, zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda, zilirudi kutoka kwa watu wa pampu. Wiki iliyopita nne kati ya sita zilikuwa zinakojoa. Leo nilizijaribu moja moja kwenye mashine ya mkono, zikatoa ukungu mwembamba na ule mlio mkavu ninaoupenda. Pampu yenyewe imepimwa na kurudishwa kipimo chake cha kiwandani, nimeomba iwekwe sili.

Jua limezama, vijana nimewaruhusu. Mimi nikaenda stendi ya Nanenane kusubiri basi, kwa sababu boksi likishalala stendi kesho yangu nzima inaharibika. Lilifika saa 4 na kitu usiku. Nikalifungua palepale chini ya taa, abiria wakinizunguka na mizigo yao, nikatoa venia mfukoni. Mia moja na kumi, pungufu kidogo tu, kama pistoni inavyopaswa kuwa. Nikapima zote sita.

Kisha nikamwandikia dereva: kesho saa 1:00 njoo na mpira mpya wa hewa, usije na tyubu.