Kutoka Kwenye Meza ya Projekta

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikihudumu mahali ambapo washirika wengi hawapatazami hata mara moja katika ibada nzima, yaani kwenye meza ndogo iliyo nyuma ya kanisa, penye kompyuta inayorusha maneno ya nyimbo ukutani. Kazi hiyo ni nyepesi kuieleza kuliko kuifanya, kwa sababu inanilazimu kukisia kiongozi wa sifa atarudia kiitikio mara ngapi, na kutambua kwa mkono wake ulioinuliwa kwamba ameamua kurudi kwenye ubeti wa kwanza. Nikichelewa hata mstari mmoja, vichwa vyote hunigeukia. Anayeketi nyuma haoni nyuso. Husikia tu, na kile ninachokisikia Jumapili nyingi ni spika.

Nisingeliandika haya kama si maziko ya mwezi uliopita. Tulimzika mzee mmoja wa kanisa, na pale kaburini mwenzetu wa timu ya sifa akaanzisha wimbo ambao tumeuimba karibu kila Jumapili mwaka huu. Mstari wa kwanza ulitoka kwa nguvu, wa pili ukapungua, na wa tatu haukuwa na mtu. Mimi niliyeyachapa maneno yale kwa vidole vyangu, herufi kwa herufi, sikuyajua. Ndipo mama mmoja mtu mzima akaanza utenzi wa zamani kwa sauti ya chini iliyokwaruza kidogo, na wenye mvi wote wakaupokea, wakaenda nao ubeti baada ya ubeti mpaka mwisho, huku sisi vijana tukiungana nao kwenye kiitikio na kuguna mahali pengine pote.

Nimeitafakari guno ile kwa siku kadhaa. Haikutokana na upungufu wa imani, kwa maana wale waliokuwa wakiguna ni watu wanaofunga na kuomba, tena wengine hukesha. Imetokana na namna tulivyozoea kuimba. Mwenye kitabu cha nyimbo alikwenda nacho nyumbani, akakisoma hata siku ambayo hakuna ibada, na kwa kuwa nyimbo zilikuwa chache na zilirudi mara kwa mara, maneno yalimwingia bila kujitahidi. Maneno ya ukutani hukaa muda wa pumzi mbili, kisha mimi huyafuta. Isitoshe, tukiisha kuuzoea wimbo, huwa tayari kuna mwingine mpya uliosikika mahali fulani mtandaoni, na ule wa awali unawekwa kando kabla haujafika moyoni.

Kuna jambo lingine ambalo waimbaji wetu hawapendi kulisikia, nami nalisema kwa upendo. Nyimbo nyingi hutufikia zikiwa zimerekodiwa na mwimbaji hodari mwenye sauti ya juu, nasi huziimba kwa kimo kile kile cha kwenye rekodi, kana kwamba kuushusha wimbo ni kuupunguzia upako. Mwanamume wa kawaida anapofika kwenye kiitikio hubakiwa na njia mbili, kushuka chini mpaka asisikike, au kunyamaza na kuinua mikono. Wengi huinua mikono. Kiongozi aliye mbele, akiona mikono ile, huamini kwamba kusanyiko linaimba.

Suala la nani aimbe kanisani si geni. Katika karne ya 4 baraza la viongozi wa kanisa lililokutana Laodikia liliagiza kwamba wasiimbe kanisani ila waimbaji walioteuliwa, na karne nyingi zilipita kabla ya kijitabu cha nyimbo nane, nne kati yake zikiwa za Martin Luther, kiongozi wa Matengenezo ya kanisa, kuchapishwa mwaka 1524 kwa Kijerumani ambacho watu wa kawaida walikielewa. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alipotoa maelekezo yake ya kuimba mwaka 1761, alitaka watu wote waimbe, tena kwa nguvu, lakini akawaonya pia wasipige kelele ili kusikika kuliko wenzao. Onyo hilo la mwisho ningelibandika kwenye mashine yetu ya kurekebisha sauti kama ningelikuwa na ujasiri. Hakuna baraza lililotunyang'anya sisi wimbo. Tumeukabidhi wenyewe, kwa nia njema kabisa, kwa watu sita wenye vipaza sauti.

Hata lugha yetu imelegea. Tunasema "tumemaliza kuabudu, sasa tusikilize neno", na katika mazoezi tunagawa nyimbo kuwa za sifa na za kuabudu, tukimaanisha za haraka na za polepole, utadhani Mungu huabudiwa kwa mwendo wa ngoma. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba kuitoa miili yetu iwe dhabihu iliyo hai ndiyo ibada yetu yenye maana, na hapo hakutaja kinanda.

Sitaki kuhesabiwa miongoni mwa wanaolilia vitabu vya zamani. Zaburi yenyewe inatuamuru kumwimbia Bwana wimbo mpya, na zipo tenzi za kale ambazo mashairi yake ni mazito bila sababu. Tena, katika uamsho wa Kipentekoste wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, ulioanza mwaka 1906 chini ya mhubiri William Seymour, walioshuhudia siku za mwanzo waliandika kwamba hapakuwa na ala za muziki wala vitabu vya nyimbo. Watu waliimba yale waliyokuwa nayo kichwani. Ila walikuwa nayo.

Baada ya maziko nilimwomba kiongozi wa sifa tuchague wimbo mmoja, mpya au wa zamani, tuuimbe kila Jumapili kwa mwezi mzima, tuushushe kidogo, na Jumapili ya mwisho tuache ukuta ukiwa mtupu. Alicheka, akaniuliza kama nimechoka na kazi yangu, kisha akakubali. Jumapili hiyo ilikuwa leo. Ubeti wa kwanza uliimbwa vizuri kuliko nilivyotarajia, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuketi pale nyuma nilizisikia sauti za wanaume. Katika wa pili, upande wa kushoto ulitangulia mstari mmoja, watu wakatazamana na kutabasamu, wakasubiriana. Wa tatu ukaanza kuyumba. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe muda wote huo, na nilikibonyeza, maneno yakatokea, kila mtu akainua macho ukutani. Tangu mchana najiuliza kama ningelisubiri mstari mmoja zaidi.