Picha ya Tangi la Maji Taka

Sisi tulio Marekani tukijenga nyumbani, kila wiki tunataka picha: lenta imefika, mabati yamepigwa, vigae vya sebuleni vimelala. Picha ya tangi la maji taka haiombwi na mtu. Mimi naiomba mwanzo, hasa ploti ikiwa upande wa Kano, Kisumu, kutoka Nyamasaria kuelekea Ahero, kwenye ule udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka jua likiwaka. Udongo huo hunywa maji kwa shida. Fundi anaweza kujenga tangi zuri kabisa, lakini shimo la kunywea maji, lile ambamo maji ya tangi huzama ardhini, likikataa, kila kitu kinarudi chooni.

Ninakoishi Minnesota, nje ya mji, hakuna mtaro wa serikali. Kila nyumba ina tangi lake, na kanuni za jimbo zinataka likaguliwe au linyonywe angalau kila miaka 3. Jirani yangu ana daftari la kazi hiyo, na tarehe zote zimo. Natamani sana kila boma letu Kisumu liwe na daftari kama hilo.

Kwani ndani ya tangi kizito huzama kikawa tope, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka kwenda ardhini. Bakteria hula sehemu ya tope, lakini hawalimalizi. Likifika kama theluthi ya kina, huanza kufuatana na maji hadi kwenye shimo la kunywea na kuziba udongo. Hapo hata ukinyonya tangi, udongo ule haufunguki, unachimba upya. Anayengoja harufu amechelewa.

Mama anayajua haya yote sasa. Mafuta ya kukaangia samaki hayamwagwi kwenye sinki. Pedi na nepi haziingii chooni, na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, hutumika kidogo, kwa kuwa nyingi huua bakteria wanaotufanyia kazi. Kisima kiwe mbali, mita 30 au zaidi, na kisiwe upande wa chini wa mteremko kutoka kwenye tangi.

Jambo moja silegezi kamba: hakuna kijana wa kushuka ndani ya tangi, hata likiwa limenyonywa, hata kama ni kuokota ndoo tu. Hewa ya humo huangusha mtu kabla hajaita, na anayemfuata kumwokoa huanguka pia. Mfuniko nao uwe wa zege, mzito, watoto wasiuweze.

Masika mto Nyando ukifurika, msikimbilie kuita eksosta, lori la kunyonya tangi. Maji yakiwa yamejaa ardhini, tangi tupu, hasa la plastiki, linaweza kusukumwa juu na kukata mabomba. Ngojeni ardhi ikauke.

Na wewe ambaye mjengo wako bado uko kwenye msingi, mpigie fundi leo. Mwulize kama lori litafika karibu na tangi. Akisema limewekwa nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na ua, mwambie alihamishe kabla hajamwaga zege.