Zege la baba

Leo tumeng'oa nguzo ya tisa. Zimebaki tatu, na viganja vyangu vimejaa malengelenge, kwa hiyo naandika polepole.

Ua wa nyumba yetu hapa Sahare, Tanga, ulizungushiwa seng'enge mwaka 1987. Baba alisimamisha mabomba 12 ya chuma, akayamwagia zege kwa mikono yake, mama akimchotea maji. Seng'enge yenyewe ilishaoza zamani. Mwezi uliopita mtoto wa jirani alichanika mguu kwenye bomba lililokatika, nikaona sasa inatosha, zote zitoke.

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Bomba la kwanza nililitikisa kidogo tu likakatika shingoni, pale linapozama kwenye zege, nikabaki nalo mkononi jepesi kama bua. Zege likabaki ardhini, halina hata pa kushikia. Nikaligonga kwa nyundo kubwa asubuhi nzima, likatoa vumbi na vipande vya ukubwa wa karanga. Zege la miaka yote hiyo limekomaa kwelikweli, na kulipiga kutoka juu huku limebanwa na udongo pande zote ni kujichosha bure.

Fundi niliyemwita ni mzee wa hapa mtaani. Nikamwamkia, akaitikia, akachuchumaa akapapasa lile zege. "Mwanangu, hili hutaliweza kwa nyundo. Litafutie nafasi kwanza. Chimba ubavuni."

Basi tukachimba upande mmoja tu, shimo la kushuka hadi chini ya kitako cha zege na kuzidi kidogo. Jioni iliyotangulia tunamwaga ndoo za maji kuzunguka nguzo, asubuhi udongo unakubali chepe. Kisha mtarimbo unaingizwa upande wa pili, jiwe chini yake, watu wawili wanakandamiza, na zege linalala taratibu kwenye shimo tulilolichimbia. Kutoka hapo ni kamba, mbao mbili za kuteleza na nguvu za wadogo zangu. Zege la upana wa sentimita 30 na kina cha 60 ni kama kilo 100, na haya ya baba yana zaidi, maana mashimo yake aliyachimba mdomo mwembamba na chini mapana, kama mtungi. Alitaka nguzo isipande juu hata ng'ombe wa nani aegemee. Kila moja niliyoitoa imeniongezea heshima kwake.

Nguzo ya nne ilipasuka ilipogonga ukingo wa shimo. Nikainama kuangalia ndani. Katikati palikuwa na kutu nene, ya matabaka kama maandazi yaliyochacha, imevimba mpaka imelipasua zege kwa ndani. Chuma kikishika kutu kinahitaji nafasi kubwa kuliko mwanzo, na zege halimpi mtu nafasi. Pembeni ya ile kutu nikaona vitu vyeupe vidogo. Nikakwangua kwa kucha. Simbi. Moja ilikuwa nzima, ndogo kuliko punje ya mchele, bado ina mng'aro.

Mchanga ule ulitoka pwani. Mama alipoulizwa akakubali mara moja: baba aliubeba kwa baiskeli, gunia moja kila jioni akitoka kazini, kwa sababu lori la mchanga wa mto hatukuwa na uwezo nalo. Chumvi ya mchanga ule ndiyo iliyokula mabomba kutoka ndani, na sehemu ya juu aliisawazisha na ardhi, kwa hiyo kila masika maji yalituama shingoni. Nilikaa ukingoni mwa shimo kitambo, nikihesabu magunia. Nguzo 12, jioni ngapi zile? Mimi nilikuwa nikimpokea baiskeli getini, wala sikuwahi kuuliza amebeba nini.

Ile simbi nimempa mama. Ameifunga kwenye pindo la khanga.

Nguzo mpya zitasimama kwenye mashimo yaleyale, zege likipanda juu ya ardhi kidogo, mgongo wa kobe, maji yateremke. Umbo la mtungi nimeliacha kama alivyolichimba. Lori la mchanga limekuja saa kumi na moja jioni. Kabla halijashusha nilichukua chembe chache, nikaziweka ulimini.

Hauna chumvi.