Siku mama alijionea mwenyewe kwa skrini

Mamangu alikuwa na miaka 61, hedhi ilikoma kitambo, alafu siku moja tukiwa Kibuye tunanunua omena akanivuta pembeni akaniambia polepole, "Nyathina, damu imerudi." Nilishtuka, juu mwanamke akishafika hapo hafai kuona hata tone, na kesho yake asubuhi tulikuwa kliniki.

Huko kwa kwanza wakampitishia skani juu ya tumbo, wakasema yuko sawa, wakampea vidonge vya kuongeza damu. Hiyo inaniuma hadi leo.

Wiki tatu, damu tena. Daktari mwingine hapa Kisumu akamfanyia ile skani ya kuingizwa chini, akatuonyesha utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, unene milimita 11, na akasema kwa mama anayetoka damu baada ya hedhi kukoma yeye hutulia akiona 4 kushuka chini. Akachukua biopsi, yaani kanyama kadogo ka kupimwa, na kamrija kembamba ka plastiki. Mama alinifinya mkono hadi pete ikaniachia alama. Kile kichupa cha nyama nilikipeleka maabara mwenyewe, nimekishika na mikono miwili ndani ya matatu.

Majibu: hakuna saratani. Tukashukuru Mungu, lakini damu haikukoma.

Ndio daktari akatueleza kitu kila mwenye mama anafaa kujua, kwamba hako kamrija huvuta bila kuona, shida ikiwa imeenea kote inashikwa, lakini ikiwa ni kitu kimoja kimejibanza kwa kona kamrija kanaweza kukipita kando, na hata ile ya kulazwa usingizi ukwanguliwe ni vile vile, anayekwangua haoni. Kuna skani ya kuweka maji ya chumvi ndani ndio mfuko ufunguke, hiyo huonyesha uvimbe vizuri lakini haikati. Histeroskopi ni kamera, inaona na inakata hapo hapo.

Siku ya kamera mama alikuwa macho, amejifunika leso yake. Ndani kote rangi ya waridi, alafu juu kwa kona ya kushoto kakatokea, kananing'inia kama punje ya mahindi mabichi, kanacheza na maji. Mama akainua kichwa.

"Daktari, ni hako?"

"Ni hako, mama. Polipu, kauvimbe ka nyama."

Kakakatwa akiangalia. Maabara ikasema hakana saratani, na damu haijarudi tena.