Lali au Fumo

Akika ni Ijumaa. Mbuzi wawili wameshafungwa uani kwa ami yake mume wangu, wa kumnyoa mtoto ameshaambiwa, na mtoto bado hana jina. Siku aliyozaliwa baba yake alimuadhinia sikio la kulia na kumkimia la kushoto, lakini lake yeye la kuitwa lilikuwa halijaafikiwa. Kwenye karatasi ya hospitali muuguzi ameandika "mtoto wa kiume wa", kisha jina langu. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kungoja, serikali inatupa miezi sita. Ijumaa haingoji.

Majina ni mawili. Lali ni la marehemu baba mkwe wangu. Fumo ni la marehemu babu yangu mzaa baba, mtu wa kisiwa cha Pate. Kwa desturi ya nyumba hii ya Langoni, mtaa wa Amu, yaani Lamu, suala hili lilikwisha kabla sijashika mimba: mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa babake. Mume wangu naye ana la babu yake. Kwa hiyo nilipolitaja Fumo, mavyaa aliweka chini bakuli la uji wa pilipili manga aliokuwa akiniletea, akanitazama, asiseme neno. Hakukasirika. Alikuwa anangoja nijieleze.

Babu alilima tumbaku. Mtu aliyefika Pate anajua inavyolimwa pale, katikati ya magofu ya mji wa kale, miche imepandwa mpaka chini ya kuta za nyumba za wafalme. Nikiwa mdogo nilikuwa nikikaa naye akifunga majani, na hapo ndipo aliponihesabia waliobeba jina lake kabla yake. Fumo Madi na Fumo Luti, wafalme wa ukoo wa Kinabahani waliotawala Pate. Fumo Bakari wa Witu, wa ukoo huohuo, ambaye Waingereza walimchomea mji wake mwaka 1890 na mwaka uliofuata akafariki. Na juu ya wote Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyompata ila sindano ya shaba kitovuni, akapiga goti karibu na kisima upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji siku kadhaa wasijue kwamba ameshakufa. Kipini mpaka leo wanaonyesha kaburi lake. Babu hakujiona mfalme. Alikuwa na jembe na shamba la kodi. Lakini jina lake alilibeba kwa adabu, na akitajwa na watu alikuwa akiitikia kwa sauti kamili.

Sasa analibeba nani? Watoto wa rika la mwanangu ni akina Rayyan na Ayan, hata huko Pate kwenyewe. Ni majina mazuri, sina ubaya nayo. Ila Fumo nalisikia kwenye hadithi tu. Akina Lali wapo, alhamdulillahi, kuanzia hapa Amu mpaka Kizingitini na Faza.

Ami alikuja jioni, akalipinga kwa njia mbili. Kwanza Liyongo: aliyemchoma sindano alikuwa mwanawe wa kumzaa, na mtu hampi mtoto jina lenye kisa cha namna hiyo. Pili, akasema akicheka, watu wa Pate walikuja Shela na Wamazrui wa Mombasa kutupiga, tukawashinda palepale ufuoni, halafu leo tuwape mtoto wetu jina lao? Vita vile ni vya miaka ya 1810. Ngome iliyo pale mbele ya soko ilimalizwa baada yake, Waamu walipokwisha kumwita Sayyid Said awalinde. Alicheka, lakini niliona kwamba hatanii mpaka mwisho. Visiwa hivi vinasahau polepole sana.

Hoja yangu ilikuwa nyingine kabisa, na ndiyo niliyoishikilia. Sisi mtu huandikwa kwa jina lake, la babake, kisha la babu yake mzaa baba. Mwanangu akiitwa Fumo, Lali yumo tayari kwenye karatasi, jina la tatu, hakuna wa kumtoa. Akiitwa Lali, atakuwa na Lali mwanzo na Lali mwisho, na watu wangu hawamo popote. Upande wa mama hauna mlango mwingine wa kuingilia isipokuwa hilo la kwanza. Mume wangu alinisikiliza, akasema ni kweli. Nilidhani yamekwisha.

Mavyaa akanijibu kwa utulivu. Jina la tatu, alisema, mtu haitwi nalo. Na halidumu: mwanangu akija kuzaa, mtoto wake ataandikwa kwa jina lake, la babake, na la babu yake, ambaye ni mume wangu. Lali ameshadondoka. Nililifikiria nikaona hesabu yake ni sawa. Jina ambalo mimi niliona limehifadhiwa lilikuwa na kizazi kimoja tu cha kuishi.

Hata hapo nilikuwa bado sijakubali, maana dada yake mkubwa mume wangu ana mtoto aliyepewa jina la baba mkwe wake, na hakuna anayelitumia. Yeye mwenyewe kwa heshima ya mkwe hawezi kulitamka, achilia mbali kulikemea, basi mtoto anaitwa Babu nyumbani na Babu mtaani. Jina linasikika madrasa tu. Nikamwambia mavyaa: Mama, kama Lali atakuwa Babu, tumemhifadhi vipi huyo Lali?

Akakaa kitandani karibu na miguu yangu. Akasema, "Mwanangu, mimi hata siku moya sikumwita kwa ina lake." Ndoa yao ilikuwa ya miaka mingi. Alikuwa akimwita baba wa fulani, au mwenye nyumba, au hakumwita, alikohoa tu naye akaja. Ndivyo alivyofunzwa. Alipofariki ndugu zake wakamuosha, wakamzika, na jina la mumewe hakuwahi kulitoa mdomoni mwake yeye akiwapo kuitikia. "Huyu taweza kumwita," akasema. "Nataka nimwite."

Sikuwa na la kujibu. Mimi nilikuwa nalipigania jina ambalo nimelisikia likiitwa utoto wangu wote. Yeye hakupata hata hilo.

Basi ni Lali. Nimeweka sharti moja, naye amelikubali mbele ya ami: asiitwe Babu, wala Bwana Mdogo, wala lakabu yoyote. Ataitwa Lali, na mimi nitamwita hivyohivyo hata nikimkemea, na mkwe wangu aliyeko kaburini aniwie radhi. Fumo ni la wa pili, Mungu akitupa. Ami ameguna lakini hakukataa.

Leo asubuhi nimempigia baba Pate. Nilikuwa na hofu ya simu ile kuliko ya kitu chochote wiki hii. Aliuliza, "Mavyaa wako ameridhika?" Nikamwambia ameridhika. Akaniuliza kama maziwa yanatoka vizuri, akasema Alhamisi maji yakijaa atapanda mashua Mtangawanda pamoja na shangazi, na kwamba mchele wa akika ataununua yeye.