Mahali pa kumwacha mtoto

Mapema mwaka 2024 nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, napasha uji uliobaki, namfunga kitinda mimba wangu mgongoni, napanda kutoka bondeni Mathare hadi Juja Road, navuka naingia Eastleigh. Kazi yangu ni kufua. Mama fua huketi ukingoni mwa barabara tangu asubuhi, na mwenye nguo akija anachagua. Mimi hakuna aliyetazama mikono yangu. Walitazama mgongo. "Na huyo mtoto utamweka wapi?" Kabla sijajibu, jirani yangu alikuwa ameshasimama, ameshachukuliwa.

Siku njema nilipata shilingi 400 au 500. Siku hizo zilikuwa mbili kwa wiki, mara nyingine moja. Kodi ya chumba ilikuwa 3,000, na dukani deni lilikuwa limefika mahali mwenye duka akiniona anafungua daftari bila kusema neno. Baba yao alikwenda Mombasa kutafuta kazi mwaka 2023 nikiwa na mimba ya mwezi wa nane. Simu yake haijashika tangu hapo.

Nilijaribu kumwacha mtoto kwenye chumba cha kulelea watoto hapo mtaani, shilingi 70 kwa siku. Ni chumba kimoja cha mabati, watoto zaidi ya ishirini, mama mmoja. Sikuwa na la kuchagua, na yule mama naye alikuwa akitafuta riziki kama mimi. Lakini siku moja nilikosa kazi nikarudi saa sita mchana, nikawakuta watoto wote wamelala, kimya, hata mainzi hawawaamshi. Godoro lilikuwa limelowa. Wangu nilimnyanyua, shingo ikalegea kama ya kuku. Sikujua amepewa nini na sikuuliza, nilimbeba nikaondoka. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya vituo vya kulelea watoto tangu mwaka 2017. Katika kichochoro chetu sikuwahi kuona mtu amekuja kukagua chumba chochote, na wanaoumia ni watoto ambao hawajajua kusema.

Aliyenionyesha njia ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Hupita nyumba kwa nyumba na mkoba wake. Alimfunga mtoto ule utepe wa rangi wa kupima unene wa mkono, unaoonyesha kama mtoto anapata lishe ya kutosha, nao ukasimama kwenye manjano, sentimita 12. Kijani inaanzia 12.5, na chini ya 11.5 ni nyekundu. Hakunikaripia. Aliandika, akaniambia, "Dada, kesho nenda pale kwenye kituo cha jamii, ulizia mama wa daftari. Nenda na kadi ya kliniki."

Kituo nilikuwa nakijua kwa nje. Ni ukumbi wa zamani wenye paa la mabati, kontena mbili pembeni, tangi kubwa la maji, na jiko ambalo moshi wake unauona ukiwa barabarani. Nilidhani ni mahali pa harusi na mikutano ya wanasiasa. Kumbe ndani kulikuwa na zaidi ya watoto arobaini, wamegawanywa kwa umri, na akina mama watano wanaowaangalia.

Mama wa daftari hakunipa kitu siku hiyo. Alisema atakuja nyumbani. Alikuja siku mbili baadaye na msichana wa kuandika, wakaketi kitandani maana sina kiti. Waliuliza tunakula mara ngapi, maji tunachota wapi na mtungi ni pesa ngapi, nadaiwa na nani. Niliona haya mpaka nikataka kuwaomba watoke. Jirani zangu walikuwa mlangoni, na katika nyumba za mabati hakuna siri. Halafu akafunga daftari, akaniuliza, "Mama, ukitoka asubuhi, unamwacha nani na nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huuliza una shida gani, unataka nini. Nilimweleza. Wa kwanza, msichana wa miaka tisa, yuko shule ya msingi ya serikali, na huko chakula cha mchana si taabu: tangu mwaka 2023 kaunti ilipoanzisha Dishi na County, mpango wake wa chakula shuleni, mtoto analipa shilingi 5, anagusisha bangili yake ya malipo, anapewa sahani. Wa pili, mvulana, alikuwa anashinda kwa jirani au kichochoroni. Wa tatu ni huyu wa mgongoni. Akasema, "Basi tuanze na hao wawili."

Malipo ya kituo ni shilingi 50 kwa siku kwa mtoto. Nikamwambia ukweli kwamba mia moja kila asubuhi sina. Akanieleza utaratibu wao: asiye na pesa analipa kwa mikono. Siku moja kwa wiki unaingia jikoni au unafua shuka za watoto, na siku nyingine watoto wako wanapokelewa bila kuulizwa. Nilichagua Alhamisi, jikoni, chini ya shosho mmoja ambaye wote tunamwita Shosho wa Jikoni. Ni mkali. Ukimenya viazi ukaacha macho anakurudishia karai zima. Lakini uji wa watoto hauruhusu utoke jikoni mpaka ameuonja, na aliponiona namkosesha wangu maziwa ya mama kwa sababu ya haraka, alinikalisha kwenye gunia akasema, "Nyonyesha kwanza. Githeri haikimbii."

Jumatatu iliyofuata nilifika Eastleigh saa mbili kasoro, mgongo mtupu. Nilichukuliwa kabla ya saa tatu. Nilifua nyumba moja, nikamaliza, nikapata nyingine ghorofa ya juu. Siku hiyo niliingiza shilingi 900. Nilikaa kwenye ngazi za ile nyumba nikalia, si kwa furaha tu. Nilikuwa nafikiria miezi yote niliyokaa pale barabarani, nguvu ninazo, kazi ipo, kilichokosekana ni mahali pa kumweka mtoto.

Ndiyo maana watu wakiniuliza kituo kilinisaidia nini, siwaambii kwanza kuhusu unga. Unga nilipewa: kilo nne kila wiki mbili, maharagwe, mafuta, kwa miezi mitatu, na mtoto akaandikiwa kliniki zile pakiti za karanga mpaka mkono ukarudi kwenye kijani mwezi wa nne. Tulishukuru. Lakini unga unaliwa ukaisha. Saa nane za kila siku ambazo mikono yangu ilikuwa huru ndizo zilizolipa kodi.

Kuhusu hiyo miezi mitatu nina neno. Kwa mtu kama mimi, mwenye nguvu, muda ule ulitosha. Kwa shosho anayelea wajukuu wanne na magoti hayampeleki hata dukani, kumwambia baada ya miezi mitatu ajitegemee ni kumtupa. Fedha za wazee za Inua Jamii, zile za serikali, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na ni za waliofika miaka 70. Wa miaka 62 anafanya nini? Nililisema hili kwenye mkutano wa wazazi, sauti ikitetemeka, sijazoea kusema mbele za watu. Walijadiliana, wakaziongezea muda nyumba sita za wazee. Nilitaka ziwe zote. Bado nataka.

Jambo la pili kubwa lilikuwa karatasi. Mvulana wangu alizaliwa Mei 2020, wakati wa kafyu ya korona. Uchungu ulinishika saa tatu usiku, gari hakuna, na kutoka nje saa hizo kulikuwa na hofu yake. Jirani alinizalisha kwa mwanga wa simu. Mtoto alipata chanjo zote, ila hakuwa na karatasi ya kuonyesha amezaliwa, na shule ikitaka kumwingiza mtoto kwenye mfumo wa wizara, inataka namba ya cheti cha kuzaliwa. Nilikuwa nimekwenda kuuliza mara mbili katika ofisi moja, mara zote nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Siku ya mama fua kwenda kupanga foleni ni siku ya watoto kulala njaa, kwa hiyo sikurudi.

Kituo kina kijana anayeshughulika na hayo tu, kila Jumanne. Alinifafanulia kwamba mtoto aliyezaliwa nyumbani anaandikishwa kupitia kwa naibu chifu wa eneo, na kwamba miezi sita ikishapita inakuwa usajili wa kuchelewa, kwa hiyo kadi ya chanjo ni muhimu sana. Akanipangia karatasi moja baada ya nyingine: kitambulisho changu, kadi ya kliniki, barua. Akaenda nami kwa naibu chifu. Akaenda nami Huduma Centre ya Makadara. Kila karatasi aliitoa nakala akaweka kwenye faili lenye jina langu.

Lile faili nililiona la maana usiku wa mafuriko, Aprili 2024. Mto Mathare ulipanda tukiwa tumelala. Nilitoka na watoto watatu na blanketi moja. Godoro, nguo, sufuria, mfuko wa plastiki wenye kitambulisho na kadi za kliniki, vyote vilikwenda. Kituo kilifungua ukumbi usiku ule ule, tukalala humo siku kumi na moja, familia zaidi ya thelathini, kichwa kwa miguu. Shosho wa Jikoni alipika chai kwenye sufuria ya pilau. Nilikuwa nimekata tamaa kuhusu cheti, nikijua nitaanza upya kabisa. Yule kijana akaja akachuchumaa mbele yangu na faili mkononi. Nakala zote zilikuwa kavu.

Cheti kilitoka mwezi wa saba. Januari 2025 mvulana aliingia PP1, darasa la kwanza la chekechea, na mwalimu alipoomba namba nikampa papo hapo, bila kushusha macho.

Siku hizi sikai tena barabarani. Tulianza chama pale kituoni, wanawake kumi na tano, shilingi 200 kila Jumamosi, na anayehitaji anakopa. Mkopo wangu wa kwanza wa 3,000 ulinunua mabeseni mawili makubwa, brashi ya zulia na simu ndogo, maana ile ya zamani ililiwa na maji. Nina nyumba nne za kudumu, na za mazulia nachukua Jumapili. Malipo ya kituo nayalipa kwa pesa yangu kila asubuhi. Alhamisi bado naingia jikoni ingawa sidaiwi, ila sasa viazi namenya vizuri.

Kuna akina mama wa Mukuru, Korogocho na Kawangware wanaoniuliza waanzie wapi. Anzia kwa mhudumu wa afya wa mtaa wako, yeye anajua kituo kipi kinapokea watoto na kipi kimejaa. Ukikosa kumpata, uliza kwa mzee wa mtaa, au kwenye zahanati siku ya kliniki. Ukienda kuona mahali pa kumwacha mtoto, nenda saa sita mchana, wala usibishe hodi kwa sauti: sikiliza kwanza kama watoto wanapiga kelele. Uliza uji ni wa nini na maji yanatoka wapi. Wakitaka kuja kwako nyumbani, waache waje, hata kama huna kiti. Chukua kitambulisho na kadi ya kliniki, na nakala zake uziache kwa mtu anayeishi mbali na mto. Na mtoto mwenyewe mbebe, usimwache kwa jirani, kwa sababu watataka kumpima mkono.